Msitu wa kwetu umekatwa, lakini tembo na nguruwe ndiyo wamezidi. Wanakaa wapi hawa?

Bi Somoe (mwanzisha mada)

Habari za jioni nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naomba mnisaidie kwa jambo ambalo nyumbani limetugawa. Mimi ni mkulima, kwetu ni wilaya ya Nachingwea, upande wa barabara ya Liwale. Shamba letu ni la urithi: mikorosho ekari 4 aliyoipanda marehemu baba, ufuta ekari 3, na kipande cha mahindi tunachochanganya na mbaazi.

Nilipokuwa mtoto, kwenda shamba tulipita msitu. Msitu hasa, saa sita mchana unatembea kivulini. Wakaja wapasua mbao wakamaliza mninga na mkongo. Mpingo ukafuata. Wakaja wa mkaa wakachukua kilichobaki. Ufuta ulipopanda bei, kila mwenye panga akafungua shamba jipya, na moto wa kusafishia ukawa unavuka mipaka kila mwaka. Leo nikisimama chini ya mkorosho wetu wa mwisho naona mabati ya kijiji cha pili. Kilichobaki ni vipande vipande: vichaka, visiki vinavyochipua, na ukanda wa miti mikubwa bondeni, kando ya kijito ambacho kikifika Agosti ni mchanga mtupu.

Linalonishangaza ni hili. Msitu ulipokuwa mzito, tembo tulimsikia kwenye masimulizi ya bibi. Msitu ulipoisha, ndiyo amekuja. Msimu uliopita wamepita kwetu mara 3, zote wakati wa mabibo. Mara ya tatu nilifika shamba umande haujakauka. Mikorosho 2 imevunjwa matawi, mmoja umechunwa gome mpaka utomvu unatiririka. Chini mabibo hayapo, pamekuwa peupe kama pamefagiliwa. Kinyesi kilikuwa bado kina joto. Nilikichambua kwa kijiti: nyuzi za magome, majani yaliyotafunwa nusu, na korosho 6 nzima, ngumu, kama zilivyoanguka mtini. Unyayo mmoja ulikuwa kwenye udongo laini, nikaupima kwa mkono: shubiri 2 na vidole 4.

Nguruwe pori wao ni wa kila siku. Wanafukua mihogo, na mahindi wanayaangusha kabla hayajakomaa.

Kaka yangu mkubwa anasema dawa ni moja, tufyeke ukanda wote wa bondeni tuchome, wakikosa pa kujificha watahama. Mama hataki kusikia. Anasema miti ile ikiondoka na maji ya kijito yanaondoka. Mimi niko katikati. Kabla panga halijashuka nataka kujua: hawa wanyama wanaishi humo bondeni, au wanatoka hifadhini? Na kwa nini wamezidi wakati msitu umepungua?

---

Korosho Kwanza

Pole sana dada. Mimi niko Masasi. Sisi tulikuwa na kichaka cha ekari kama 2 katikati ya mashamba, nguruwe walikuwa wanazaa humo. Tulikusanyana wanakijiji, tukafyeka kwa siku 2, tukachoma. Tumekaa misimu mitatu sasa mihogo yetu salama. Msikilizeni kaka yenu. Mkulima hawezi kulala macho kila usiku kwa ajili ya kichaka.

---

Mzee Mbwemkuru

Marahaba mwanangu Somoe, na poleni nyumbani. Nimefanya kazi ya kusoma nyayo zaidi ya miaka 20, pori la Selous upande wa Liwale na huku chini mpaka mto Mbwemkuru. Sasa magoti hayaniruhusu, kwa hiyo nakaa barazani na kusoma mnayoandika. Hili lako limenigusa, nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza usiwaweke wanyama wote kapu moja. Kuna mwenyeji na kuna mpita njia. Nguruwe wako ni mwenyeji. Mchana amelala kwenye kichaka kisichozidi chumba cha kulala, anakusikia ukipita na jembe lako, hatingishiki. Nungunungu ni mwenyeji. Nyani ni mwenyeji. Mbawala naye ni mwenyeji, tena huyo hakuharibii kitu cha kutisha. Akiwa na bonde lenye kivuli na majani mabichi anaweza kumaliza maisha yake humo bila nusu ya kijiji kujua kwamba yupo.

Tembo ni mpita njia. Kwenu halali. Mchana yuko mbali, kwenye miombo minene au kwenye matete ya mto mkubwa. Jua likizama anaanza mwendo, na alfajiri ikikaribia ameshaondoka. Ndiyo maana unakuta kinyesi cha moto na mwenyewe humwoni.

Sasa anatoka wapi na anakwenda wapi? Tangu enzi za babu zetu kuna njia ya tembo inayoshuka kutoka Selous, inapita Liwale, Nachingwea, Masasi, Nanyumbu, inafika mto Ruvuma, na ng'ambo ni Niassa ya Msumbiji. Mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule yako juu ya njia hiyo. Ukiyatazama kwenye ramani utadhani mtu ameyapanga kama vituo vya basi. Kati ya kituo na kituo ndiyo sisi, na mashamba yetu. Kwenye kundi la majike anayeongoza ni bibi mkubwa. Anajua maji ya Oktoba yako wapi, na watoto wanajifunza kwa kumfuata. Mkiziba njia kwa shamba hawaisahau, wanatafuta upenyo.

Na kuna kipindi walikuwa wachache mno. Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 1970. Majangili wakaingia, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta kama 13,000 tu. Nyinyi vijana mmekua katika miaka ambayo tembo ameuawa na aliyebaki amejificha ndani kabisa. Ulinzi ulipokazwa wakaanza kujitokeza tena. Kwa hiyo utoto wako wa kutomwona tembo haukutokana na uzito wa msitu. Bibi yako aliyekusimulia, yeye aliwaona.

Lingine ambalo vijana hawaliulizi ni mahame. Kabla ya kuwekwa kwenye vijiji miaka ya 1970, watu wetu walikaa wametawanyika. Kabla ya hapo, miaka ya 1940, watu wengi wa Liwale waliondolewa na ardhi yao ikaongezwa kwenye Selous, sababu iliyotajwa ni ugonjwa wa malale. Na kabla ya hapo tena, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata vilifuta vijiji vizima. Kila walipoondoka watu ilibaki miembe, ikabaki mikwaju. Nimefuata nyayo za tembo kutoka hame moja hadi jingine kama mtu anayetembelea ndugu. Hame moja siku zote lanirudia: mafiga matatu bado yamekaa, moshi wa zamani upo kwenye jiwe, na hatua kumi kutoka hapo mwembe mkubwa, chini yake udongo umekanyagwa ukawa mgumu kama uwanja wa ngoma. Ilikuwa Desemba, embe zinaanza kuiva. Kundi lile lilikuwa limepita miembe 4 mibichi bila kuigusa, likaja moja kwa moja kwa huo ulioiva.

Mtu anayesema hapo ni pori lililoharibika, halina kitu, hajaliona kwa jicho la tembo. Mikorosho ya marehemu baba yako ni mwembe mwingine aliouongeza kwenye orodha yake. Na harufu ya mabibo yanayochacha ndiyo inayomwita, hasa kama kuna watu wanaanika mabibo au kupika uraka, pombe ya mabibo, karibu na shamba. Harufu hiyo anaipata kutoka mbali sana.

Nataka unifanyie kazi 2. Tafuta kamba. Ukipata unyayo wa mguu wa mbele (wa mbele ni wa duara, wa nyuma ni mrefu kama yai), zungushia kamba pembeni yake. Urefu wa kamba hiyo mara 2 ndiyo urefu wa tembo mwenyewe begani. Halafu sasa hivi, wakati kijito kimekauka, tembea bondeni mwanzo hadi mwisho, utazame mchanga. Usiende peke yako, na usiende jioni. Ukimaliza uniambie: huo ukanda juu unaanzia wapi, na chini unaishia wapi?

---

Bwana Misitu

Shikamoo Mzee Mbwemkuru. Bi Somoe, habari za kazi.

Mimi nimesomea misitu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na nimefanya kazi ya kufunga kamera mitini kwenye misitu ya pwani ya mkoa wa Lindi, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akikatiza mbele yake. Niongezee upande huo.

Swali lako la kwa nini wamezidi lina jibu chini ya miguu yako. Msitu mzito kwa chini una giza; chakula kingi kiko juu, kwenye vilele. Mkikata miti mikubwa jua linafika ardhini, na ndani ya msimu 1 au 2 unakuta machipukizi, kamba za kutambaa, majani mateke, nyasi. Chakula kimeshushwa usawa wa mdomo. Tembo, nyati, mbawala na nguruwe wanafaidika. Anayepoteza ni yule anayehitaji matawi yanayogusana, kama mbega na kima, na wale wadogo waoga kama funo na paa wanaotegemea matunda yanayodondoka na kivuli cha kujificha. Mkulima hao hawaoni wakiondoka, maana hawakuwahi kumsumbua. Anaona tu waliobaki.

Jambo hili limepimwa hata mbali na kwetu. Huko Sabah, Malaysia, kisiwa cha Borneo, watafiti waliwavisha tembo kola za satelaiti, kisha wakapima urefu wa msitu kwa miale kutoka kwenye ndege. Matokeo yalitoka mwaka 2018: tembo walipendelea msitu uliokwisha kukatwa na unaoota upya, miti yake ya wastani wa mita 13 hivi, kuliko ule mrefu uliokomaa. Lakini msome na upande wa pili wa kazi za Sabah. Msitu uliokatwa miti ukaachwa uote bado una wanyama wengi. Ukigeuzwa shamba la michikichi, idadi ya aina za wanyama inaporomoka. Tofauti kubwa iko hapo, kati ya msitu uliochoka na ardhi ambayo si msitu tena. Na tembo wale wana msitu mkubwa wa kurudi nyuma yao.

Halafu saa. Mwaka 2018 huohuo ulitoka utafiti uliokusanya kazi 76 kutoka mabara 6, kuhusu aina 62 za wanyama wakubwa na wa kati. Karibu kila palipo na watu, wanyama wameongeza shughuli zao za usiku. Nilikuwa na kamera 1 kwenye njia ya zamani ya magari ya magogo. Saa 11 jioni picha inaonyesha pikipiki na magunia 3 ya mkaa. Saa 8 usiku, mahali palepale, chui, mguu wa mbele umekanyaga alama ya tairi la ile pikipiki. Picha hizo 2 nimewaonyesha wanakijiji wengi, na kila mara kuna mtu anayekuwa kimya muda mrefu. Njia ile wanaigawana kwa zamu, na upande mmoja haujui.

Kamera nyingine nilikuwa nimeifunga ndani ya kichaka, hatua 200 tu kutoka pale. Hiyo haikupiga chui hata mara moja. Ilikuwa mbawala, nguruwe, paa, nungunungu, mbawala tena. Kwa hiyo kumwona mnyama mahali si ushahidi kwamba anaishi hapo. Barabarani anapita, kichakani analala, shambani anakula, na hizo ni sehemu 3 tofauti za nyumba moja. Ukivunja chumba cha kulala, jiko bado lipo na njia bado ipo.

Ndugu yangu Korosho Kwanza, sikatai uliyoyaona. Kichaka cha ekari 2 kilichozungukwa na mashamba pande zote ni maficho ya nguruwe na hakiungani na kitu. Kukiondoa kunaweza kusaidia kwa muda. Ukanda wa mto ni kitu kingine. Kama ule wa Bi Somoe unaunganisha pori la juu na pori la chini, tembo anautumia kama ushoroba, yaani njia ya kutoka pori moja hadi jingine. Ukifyekwa, safari yake haikomi, inahamia kwenye mahindi. Na kuna sheria hapa ambayo kaka anapaswa kuijua kabla ya panga: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Nachingwea hii si mara ya kwanza kufyekwa, jamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliingiza matrekta kufungua mashamba ya karanga, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mradi ukashindwa, reli ikang'olewa miaka ya 1960, na pori likarudi juu ya matuta yao. Miombo huchipua kwenye visiki na mizizi. Hivyo visiki unavyoviona, Bi Somoe, vikikosa moto kwa miaka michache mfululizo ni msitu. Mimi vinanipa moyo kuliko mche wowote wa kwenye kiriba.

---

Binti Mchinga

Dada Somoe, mimi nitasema la nguruwe, kwa sababu sisi wa pwani ya Lindi nguruwe alituletea msiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa darasa la nne. Kwetu msitu wa karibu ulikuwa umekwisha, swala wamekwisha kwa mitego, hata ngiri alikuwa wa kuhesabu. Aliyebaki ni nguruwe pori, tena alijaa. Sisi wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi, hakuna wa kumwinda ila kumfukuza. Mahindi yakianza kukomaa baba na amu zangu wanahamia shamba, wanalala kwenye dungu wakipiga debe usiku kucha.

Simba naye alikuwa amebakiwa na nguruwe tu. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na hapo katikati kuna mtu amelala kwenye kibanda cha makuti. Jirani yetu alichukuliwa hivyo. Asubuhi dungu lilikuwa limesimama kama kawaida, kandambili zake ziko chini kwenye ngazi, na debe lake limening'inia. Nikiona kandambili za bluu mpaka leo moyo unastuka.

Baadaye nilipokuwa chuoni nilikuta kwamba watafiti wameliandika jambo hili, Craig Packer pamoja na Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui na wenzao, mwaka 2005. Tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi zaidi ya 308, na mikoa yetu ya kusini ndiyo iliyoumia sana. Walikuta mashambulizi mengi ni miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, na mengi ni kwenye wilaya ambazo mawindo mengine ya simba yamepungua lakini nguruwe wapo. Nililia nikisoma. Si kwa sababu ya hesabu. Ni kwa sababu amu zangu walikuwa wanasema vilevile barazani na hakuna aliyewauliza.

Mwaka 2011 wakatoa jingine: hatari inakuwa kubwa zaidi siku zinazofuata baada ya mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, wakati mwezi haujachomoza na giza ni nene. Simba siku za mbalamwezi hapati chakula vizuri, giza likirudi ana njaa.

Kwa hiyo dada, nguruwe usimchukulie kama kero ya mihogo tu. Kwetu tulichimba mtaro kuzunguka mashamba yaliyo pamoja, tukapanda mahindi eneo moja badala ya kila mtu na kona yake. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ulinzi ukawa wa zamu na watu wakarudi kulala kwenye nyumba zenye mlango. Kama kaka yako analala shambani kulinda, mwambie asilale kwenye kibanda cha chini kilicho wazi, na wiki ile ya baada ya mwezi mpevu aingie ndani mapema.

---

Korosho Kwanza

Hili la simba nalijua, hata huku lilitokea. Nakubali pia kwamba kichaka chetu kilikuwa kama kisiwa. Ila niulize: mtu afanye nini na tembo huyo mwaka huu huu, wakati visiki vinasubiriwa kuwa msitu?

---

Mzee Mbwemkuru

Swali zuri, mwanangu. Mabibo yasilale chini. Jioni yaokotwe yote, yapelekwe nyumbani, na yasianikwe shambani. Ufuta nimeona tembo wanaupita tu kwenda kwenye mahindi, ingawa wanaukanyaga; kwa hiyo ukae upande wa njia yao, mahindi yakae karibu na nyumba. Kamba iliyopakwa pilipili na oili chafu inasaidia kama inapakwa upya baada ya kila mvua. Mizinga ya nyuki inasaidia kama ina nyuki ndani. Mizinga mitupu wanaijua. Na asije mtu akamkaribia na tochi peke yake, wala kumrushia moto. Tembo aliyejeruhiwa hapitii tena kimyakimya. Yakizidi, toeni taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya asubuhi hiyohiyo na mpige picha uharibifu kabla hamjasafisha, maana kifuta jasho, pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao, hakiombwi kwa maneno matupu.

Somoe, nasubiri kamba yangu.

---

Bi Somoe

Shikamoo mzee, na samahani nimekaa karibu mwezi mzima bila kujibu. Nimewasoma wote, tena nimemsomea mama kwa sauti. Binti Mchinga, pole sana mdogo wangu. Mama alinyamaza ulipofika kwenye kandambili.

Tumetembea bonde lote, mimi, kaka na vijana 2 wa jirani, tulianza saa 2 asubuhi tukamaliza saa 8 mchana. Kwa juu ukanda unaanzia kwenye pori la kijiji ambalo bado lina miombo, halijakatwa sana. Kwa chini unapita nyuma ya mikorosho yetu, unavuka barabara kwenye karavati, kisha unaendelea mpaka kwenye mbuga ya matete upande wa Mbwemkuru. Haukatiki popote isipokuwa sehemu 1, kama hatua 80 hivi, ambapo mtu amelima mpaka ukingoni. Na hapo ndipo nyayo zinapotoka bondeni na kuingia mashambani. Sehemu nyingine zote zinabaki kwenye mchanga. Kaka ndiye aliyeliona hili, si mimi. Alisimama pale, akarudi nyuma, akaja tena, akahesabu.

Kamba yako mzee: unyayo wa duara, pembeni nyufa nyufa zimelainika, kamba imetoka sentimita 138. Kwa hesabu yako ni mita 2 na sentimita 76. Ni dume?

Kisha kuna kitu ambacho sikukitegemea. Kwenye kona ya kijito, chini ya mkuyu, tulikuta shimo mchangani, limechimbwa, kina chake kama mkono wangu mpaka begani. Kaka aliinama akaingiza mkono, ukatoka umelowa. Maji yapo, Oktoba, mahali ambapo sisi tunachota kilomita 3 kutoka hapo. Pembeni ya shimo palikuwa na kinyesi cha tembo cha zamani, na kuzunguka mdomo wake nyayo ndogo ndogo zimepandana: za mbawala, wakasema wale vijana, za kanga, na za nguruwe pia. Wote wanakunywa alipochimba yeye.

Tumekubaliana hivi. Ukanda haufyekwi. Vichaka 2 vidogo vilivyo katikati ya mihogo, ambavyo haviungani na bonde, tutavisafisha kwa mkono bila moto. Mahindi yanahamia karibu na nyumba, ufuta unakwenda upande wa bonde. Mabibo yanaokotwa kila jioni, watoto wameshapangiwa zamu. Mwenye zile hatua 80 ni baba mdogo wetu, na mama amesema atakwenda mwenyewe kuzungumza naye. Baba mdogo na marehemu baba walisikilizana sana, tuna matumaini.

---

Mzee Mbwemkuru

Ni dume, tena mkubwa wa umri, hizo nyufa zilizolainika ni za uzee. Dume kama huyo hutembea peke yake au na vijana 2 au 3 wanaomfuata. Msifukie lile shimo, na msilipanue kwa jembe. Mkitaka maji chimbeni la kwenu hatua 30 juu yake.

---

Bi Somoe

Nimemwambia kaka. Kesho asubuhi anakwenda na koleo.